Mji wa Barabara Moja: Nani Apewe Njia Uvira?

Ukiitazama Uvira kutoka ziwani, ukiwa kwenye boti inayotoka Kigoma au Baraka, unauona mji wote kwa mara moja. Nyuma yake imesimama milima ya Mitumba. Mbele yake ni maji ya Tanganyika. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa ardhi, kuanzia Kavimvira upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi, hadi Kalundu upande wa kusini, penye bandari. Ni kilomita kama kumi kwa urefu. Kwa upana kuna mahali, hasa kuelekea Kalundu, ambapo mtu akitoka ufukweni kwa miguu anafika chini ya mlima kabla hajachoka.

Kwenye ukanda huo inapita barabara kubwa moja, nayo ni Barabara ya Taifa namba 5. Inatoka Bukavu, inashuka Kamanyola, inapita Luvungi, Luberizi na Sange katika bonde la Rusizi, inaingia Uvira, kisha inaendelea kusini kwenda Makobola, Mboko, Baraka na Fizi, ikielekea Kalemie. Kwa hiyo barabara wanayoitumia watoto kwenda shule ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia madereva wa malori yanayobeba saruji kutoka bandarini. Mgonjwa anapelekwa hospitali kwa barabara hiyo. Mama aliyenunua ndagala alfajiri anaipita na beseni lake kwenda kuuza. Msafara wa kijeshi unapita hapo, na msafara wa harusi unapita hapo.

Ndiyo maana nasema habari ya njia maalumu za mabasi, inayozungumzwa sana Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, inaihusu Uvira pia. Wengi watashangaa. Watauliza mabasi yenyewe yako wapi. Watasema huo ni mjadala wa miji yenye barabara za njia sita na bajeti za mabilioni. Mimi naona kinyume chake. Mji wenye barabara nyingi unaweza kuvumilia fujo, kwa sababu dereva akizuiwa huku atazungukia kule. Uvira haina pa kuzungukia. Lori moja likivunjika ekseli karibu na daraja, nusu ya mji inakatwa na nusu nyingine. Kwa mji wa namna hii, kuamua nani apite kwanza barabarani ni jambo la lazima, na kila siku tunayoliacha bila uamuzi, linaamuliwa na mwenye gari kubwa au mwenye honi kali.

Umbo hilo hilo linalotubana lina neema yake. Dar es Salaam inakua kuelekea Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, na kila upande unadai mradi wake. Uvira inahitaji mstari mmoja tu. Basi likitoka Kavimvira likashika barabara kuu hadi Kalundu, litakuwa limepita jirani na Kasenga, Mulongwe, Kakombe, Kimanga na karibu mitaa yote ya mji. Abiria atashuka, atatembea kidogo kupanda kuelekea mlimani au kushuka kuelekea ziwani, na atakuwa nyumbani. Wapangaji wa usafiri katika miji mikubwa wanahangaika miaka mingi kutafuta mstari unaopita karibu na kila mtu. Sisi tumepewa na milima na ziwa.

Lakini leo mstari huo unabebwa na nani? Unabebwa na pikipiki. Nataka kulisema hili kwa heshima, kwa kuwa wamotari, yaani madereva wa pikipiki, wanalaumiwa kwa kila kitu. Wao ndio waliobeba mji huu wakati hakuna mwingine aliyekuja kuubeba. Usiku wa manane mwanamke akishikwa na uchungu, anayeitwa ni motari. Mvua ikiharibu barabara, anayejua pa kupita ni motari. Vijana wengi waliokosa ajira, na wengine walioacha bunduki, wamepata mkate kwenye kiti cha pikipiki. Anayetaka kuleta mabasi Uvira kwa kuwafukuza vijana hawa anatafuta ugomvi, na atakuwa ameustahili.

Hata hivyo tuangalie hesabu ya barabara. Pikipiki inabeba abiria mmoja, mara nyingi wawili, na pale sheria inapofumbiwa macho, watatu. Basi dogo la viti thelathini linachukua nafasi ya pikipiki chache zilizosimama pamoja. Chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, kimechapisha makadirio yanayotumiwa sana na wapangaji: njia moja ya barabara ikiachiwa magari binafsi inapitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, njia ile ile ikitengwa kwa mabasi yanayopita mara kwa mara inapitisha watu 4,000 hadi 8,000. Lami ni ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi tu. Na katika orodha yao hiyo, njia ya waenda kwa miguu yenye upana huo huo inapitisha watu 9,000. Uvira ni mji wa watembea kwa miguu. Tukumbuke hilo kabla hatujaanza kuota mabasi makubwa yenye viyoyozi.

Wafanyabiashara wetu wengi wameshayaona mabasi ya njia maalumu kwa macho yao. Anayekwenda Dar es Salaam kununua vitenge, simu au vipuri hufikia Kariakoo, na pale Gerezani kuna kituo kikubwa cha mabasi hayo, yanayoitwa mwendokasi. Awamu ya kwanza ya mradi ule ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ina njia kuu ya kilomita 20.9, kutoka Kimara kupitia Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Nauli ya njia kuu ilianza na shilingi 650. Kabla ya hapo, kutoka Kimara kufika katikati ya jiji asubuhi ilikuwa safari ya saa mbili au zaidi. Mabasi yale yakaipunguza hadi chini ya saa moja. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Sifa hizo ni za haki. Lakini kwa mtu wa Uvira, somo kubwa zaidi la Dar es Salaam liko bondeni Jangwani. Karakana kuu ya mabasi ilijengwa katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji wa Kariakoo na Magomeni alijua maji yanapita. Mvua kubwa zilipokuja, maji yakaingia karakana, mabasi yakaharibika, na barabara ya Jangwani ikafungwa mara nyingi kiasi kwamba safari za mwendokasi zilikuwa zinakatizwa kila masika. Sasa Tanzania inalipia upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katika mradi wa bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya refu la kuivusha barabara juu ya maji yale. Mto ulikuwa umesema tangu zamani. Ramani ya mradi haikusikiliza.

Sisi tuna Mulongwe. Tuna Kalimabenge. Tuna Kavimvira. Mito hii mitatu inashuka kwa kasi kutoka milimani, inaukata mji na kuingia ziwani, na barabara yetu moja inaivuka yote. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mulongwe ulifurika. Ulishusha mawe, magogo na tope katikati ya mitaa. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mji ulikosa maji safi kwa sababu mitambo ya shirika la maji, REGIDESO, nayo iliguswa. Waliokuwepo hawajasahau ukubwa wa mawe yaliyokutwa asubuhi mahali palipokuwa na vyumba vya kulala.

Kisha likaja ziwa lenyewe. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua zikizidi katika nchi zote zinazolizunguka, na Rusizi ikishusha maji ya ziwa Kivu, ziwa linapanda polepole na halishuki haraka. Lilipanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena 2024, likaingia nyumba za ufukweni, likasumbua bandari ya Kalundu, na upande wa pili wa mpaka likishirikiana na Rusizi likaizamisha Gatumba, ambako barabara ya kwenda Bujumbura inapita. Milima inasukuma mawe kutoka juu, ziwa linapanda kutoka chini. Barabara iko katikati.

Kwa hiyo mpango wowote wa mabasi Uvira unaoanza na rangi ya mabasi, au na picha nzuri za kompyuta zinazoonyesha vituo vya vioo, umeanza vibaya. Unaanza na madaraja matatu. Unaanza na mitaro iliyo wazi, isiyojaa mifuko ya plastiki na mchanga. Unaanza na kuta za kushika kingo za mito juu kule, na miti kwenye miteremko iliyokatwa kwa makaa na kwa mihogo. Njia ya basi inayofungwa kila Aprili ni njia ya nusu mwaka, na abiria wa nusu mwaka atarudi kwenye pikipiki.

Kuna somo la pili la Dar es Salaam ambalo halisemwi vya kutosha. Barabara ya awamu ya pili, ya kwenda Mbagala, ilikamilika ikakaa ikisubiri mabasi hadi 2025. Muda wote huo njia ya zege ilikuwepo, tupu, huku abiria wakisongamana kwenye daladala pembeni yake. Hata awamu ya kwanza, iliyoanza na mabasi 140, ilielemewa upesi na foleni za abiria vituoni. Njia bila mabasi ya kutosha huwachosha watu kuliko hata kukosa njia, kwa kuwa wanaiona na hawaitumii.

Nairobi walionja uchungu huo kwa namna nyingine. Mwaka 2019 walipaka mstari mwekundu kwenye barabara kuu ya Thika, kuonyesha kuwa njia hiyo imetengwa kwa mabasi ya kasi. Mabasi hayakuwepo. Matatu na magari binafsi yakaendelea kupita juu ya rangi ile kama kawaida, jua na matairi yakaifuta. Kilichobaki ni mazoea mabaya: raia akiona mstari barabarani mara ya pili, hataamini.

Na hapa kwetu Kongo? Kinshasa ilipata kampuni ya Transco mwaka 2013, na mabasi yake yalileta nafuu ya kweli kwa watu waliokuwa wakibanana kwenye magari ya Mercedes 207 yaliyong'olewa viti na kuwekwa mabenchi. Lakini mabasi ya Transco yaliingia kwenye barabara zile zile, ndani ya msongamano ule ule. Basi jipya likisimama saa mbili kwenye foleni ni chumba cha kusubiri chenye magurudumu. Mwishoni mwa Oktoba 2024 serikali ikajaribu dawa nyingine: baadhi ya barabara kuu zikawa za kuelekea upande mmoja kwa saa fulani, kisha upande mwingine. Baada ya wiki chache jaribio likasitishwa. Wafanyakazi waliokuwa wakielekea kinyume na upande uliofunguliwa walijikuta wanatembea kilomita nyingi kwa miguu.

Jirani zetu wa Bujumbura wametupa somo ambalo wamotari wetu wanalikumbuka kuliko sisi sote. Machi 2022 serikali ya Burundi iliondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na msongamano. Mabasi ya kuwapokea abiria hao hayakuongezwa kwa kiasi kilichohitajika, na jioni mistari mirefu ya watu ikaonekana vituoni, mingine hadi giza. Shida ya mafuta ilipozidi nchini humo, hata mabasi machache yaliyokuwepo yakasimama, na madereva wakawa wanavuka kuja Uvira kutafuta petroli. Kutoa kilichopo kabla ya kuleta kilicho bora ni kumwadhibu abiria, na abiria huyo mara nyingi ni mama wa sokoni mwenye mzigo kichwani.

Mfano ninaouona unatufaa zaidi uko mbali kidogo, Lagos. Mwaka 2008, mwezi wa Machi, jiji lile lilifungua njia ya mabasi ya kilomita 22 kutoka Mile 12 hadi CMS. Hawakujenga barabara mpya. Walichukua barabara iliyopo, wakatenga njia kwa kingo za zege pale upana uliporuhusu, wakapaka rangi tu mahali pengine, na palipobana kabisa wakayaacha mabasi yachanganyike na magari mengine kwa kipande kifupi. Kazi ilichukua kama miezi 15, na gharama ilikuwa karibu dola milioni 1.7 kwa kilomita, kiasi kidogo sana ukilinganisha na miradi ya aina hiyo duniani. Jambo lililonivutia zaidi ni watu. Mamlaka ya usafiri ya Lagos, LAMATA, ilikaa na chama cha madereva wa mabasi madogo, wale wale ambao kila mtu alisema ndio kikwazo, na ushirika wao ukawa miongoni mwa waendeshaji wa mabasi mapya. Waliokuwa wanaogopa kupoteza riziki wakawa na sababu ya kuilinda njia.

Hilo linawezekana Uvira. Wamotari wana vyama vyao, vyenye viongozi, michango na nidhamu ambayo watu wa nje hawaijui. Madereva wa magari wana chama chao, ACCO. Kama kesho kukawa na mabasi ishirini ya viti thelathini, kwa nini yasimilikiwe kwa hisa na ushirika wa watu hawa, kwa mkopo unaolipwa kwa nauli? Pikipiki hazitakwisha. Zitabadilisha kazi: zitampokea abiria kituoni na kumpandisha mlimani, mahali ambapo basi halitafika kamwe. Safari fupi nyingi zinaweza kumlipa motari kuliko safari ndefu chache, na hatalazimika kushindana na lori la tani thelathini kwenye daraja.

Malori, hata hivyo, hayawezi kupuuzwa, kwa sababu mji unakula kupitia hayo. Bandari ya Kalundu inapokea shehena kutoka Kigoma, na mizigo hiyo lazima ipite mjini kwenda Bukavu. Katika miji mingine jibu ni jepesi: malori yapite usiku. Hapa usiku una mambo yake, na hakuna mwenye lori mwenye akili atakayekubali kuwa barabarani bondeni saa nane za usiku. Kwa hiyo nafikiri saa zigawanywe mchana. Asubuhi, wakati wa shule na soko, na alasiri wakati wa kurudi nyumbani, malori yasubiri Kalundu na Kavimvira, kwenye viwanja vilivyotengwa. Saa za katikati ya mchana, yapite kwa utulivu. Malori ya mafuta yapewe utaratibu wao mkali zaidi. Hatuna haja ya kukumbushwa sababu: tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hii hii, likalipuka na kuua watu zaidi ya 230. Wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia.

Halafu kuna barieri. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilichapisha hesabu yake ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ilipata 798. Vingine ni vya jeshi, vingine vya idara za serikali, vingine vya makundi yenye silaha, na karibu vyote vina mkono ulionyoshwa. Basi lenye njia yake, linalosimamishwa mara tatu ndani ya kilomita kumi ili dereva atoe chochote, halina njia. Nauli yake itabeba gharama za mikono hiyo yote, na mwishowe atakayelipa ni mwanafunzi. Ningependa kuona, kabla ya tone la rangi kudondoka kwenye lami, amri iliyoandikwa na kubandikwa kila mahali kwamba basi la abiria lenye kibali halisimamishwi ndani ya mji isipokuwa kwa sababu ya usalama inayoelezwa. Hii haigharimu hata faranga moja. Labda ndiyo sababu ni ngumu.

Nani atafanya kazi hii? Hapa ndipo mambo ya Kongo yanapojificha. Barabara za taifa ni za Office des Routes. Barabara za mijini na mitaro yake ni za Office des Voiries et Drainage (OVD). Fedha za matengenezo zinatoka FONER, mfuko ulioundwa kwa sheria ya Julai 2008, unaokusanya tozo kwenye kila lita ya mafuta na kwenye vituo vya ushuru wa barabara. Uvira yenyewe ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya serikali mwaka 2013, na ina meya. Mtaro ukiziba mbele ya soko, kila ofisi inaweza kuonyesha kidole kwa nyingine, na kila moja ikawa na karatasi ya kuthibitisha. Kila motari anayenunua petroli anaichangia FONER. Wamotari wa Uvira wana haki ya kuuliza, kwa sauti na kwa maandishi, fedha hizo zilirudi kilomita ngapi kati ya Kavimvira na Kalundu.

Najua mtu atakayesoma haya na kukasirika. Atasema: mji huu umepitia vita. Atakuwa sahihi. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, ofisi za jimbo zilihamia kwetu, na familia nyingi zilizokimbia zilikuja na magodoro yao. Desemba mwaka huo huo vita vikafika hapa, na watu wakakimbilia Burundi kwa maelfu. Katika hali hiyo, nani ana moyo wa kuzungumza habari za njia za mabasi?

Mimi ninao, na nitaeleza kwa nini. Siku za kukimbia, barabara hii moja ndiyo iliyoamua nani anafika mpakani na nani anabaki. Waliokuwa na fedha ya pikipiki walitangulia. Wazee, wajawazito na wenye watoto watatu mgongoni na mkononi walitembea. Siku za mafuriko ilikuwa vivyo hivyo. Siku za kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira inaujua vizuri kupita kiasi, dakika za kufika kituo cha matibabu ndizo zinazotenganisha mzima na maiti. Barabara iliyopangwa, yenye njia ambayo hairuhusiwi kuzibwa na meza za bidhaa wala na lori lililoegeshwa, ni njia ya gari la wagonjwa pia. Katika miji mingi yenye njia za mabasi, magari ya wagonjwa na ya zimamoto yanaruhusiwa kuzitumia. Kwetu hiyo ingekuwa faida ya kwanza, hata kabla ya mabasi.

Meza za bidhaa nazo zina watu nyuma yake. Wanawake wanaouza nyanya, mihogo na mikeke ukingoni mwa barabara hawakupachagua kwa ukaidi. Wamekaa pale kwa sababu wanunuzi wako pale. Ukiwafukuza kwa viboko asubuhi watarudi jioni, na mara nyingi kinachotokea katikati ni bidhaa zao kumwagwa mtaroni. Basi likiwa na kituo, abiria watashuka kituoni. Soko lijengwe nyuma ya kituo, hatua chache kutoka barabarani, lenye paa na mfereji, na wanawake watahamia wenyewe kwa kuwa mnunuzi amehamia. Na basi lenyewe liwe na mahali pa beseni. Basi la Uvira lisilokubali beseni la ndagala limetengenezwa kwa ajili ya mji mwingine.

Nauli iwe ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa mara mbili kwa siku, wiki nzima. Nisingependa kutaja kiasi. Faranga inabadilika, na bei ya mafuta hapa mpakani inabadilika kuliko faranga. Lakini kipimo kipo: mwanafunzi wa sekondari anayekaa Kalundu na kusoma upande wa Mulongwe asilazimike kuchagua kati ya nauli na chakula cha mchana. Tukikosa hapo, tutakuwa tumewajengea njia wachache wenye mishahara.

Tusisubiri mradi mkubwa. Kuna kazi ambayo meya, polisi wa barabarani, Office des Routes, OVD, vyama vya wamotari na viongozi wa mitaa wanaweza kuianza bila mkopo wa Benki ya Dunia. Wachukue madaraja matatu ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Mita mia kila upande wa kila daraja, pasiegeshwe gari, pasiwekwe meza, pasiwe na barieri, na mitaro yake isafishwe na kuachwa wazi. Pawekwe mawe yaliyopakwa chokaa kuwatenga waenda kwa miguu na magari. Saa za malori zitangazwe redioni kwa Kiswahili, kila asubuhi, hadi kila dereva azijue. Kisha yaje mabasi machache ya ushirika, hata kama ni matano, yapewe kipaumbele kwenye sehemu hizo sita, na watu waone wenyewe kama safari ya Kavimvira hadi Kalundu imepungua.

Kiangazi chetu ni kifupi. Kinaanza Juni na mwanzoni mwa Oktoba mawingu yanarudi juu ya Mitumba. Wenye mamlaka wa mji huu, kaeni na wamotari na akina mama wa soko mwezi Juni, muanze na madaraja, na mwisho wa Septemba mtuonyeshe barabarani mlichofanya.